Watoto thelathini na kishikwambi kimoja: nianzie wapi kuwafundisha kompyuta?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali huku Mbagala. Wazazi wa mtaani kwetu wameniomba nikae na watoto wao Jumamosi asubuhi, wa miaka sita hadi tisa, wapo kama thelathini, niwafundishe kompyuta ili wasiachwe nyuma. Nilichonacho ni kishikwambi cha kazini na simu yangu, na umeme wa huku unaujua. Mimi mwenyewe sikusomea kompyuta. Nianzie wapi? Halafu kuna hili la usalama mtandaoni. Baba mmoja mtu mzima, ninayemheshimu, amesema kuwasimulia watoto wadogo mambo ya mtandao ni kuwaonyesha njia ya kupotelea. Je, asemayo ni kweli?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Umefanya vyema kuuliza kabla hujaanza, maana madarasa mengi ya namna hii huanza kwa kuwachangisha wazazi kompyuta mpakato moja ya mtumba. Mtoto mmoja anabonyeza, ishirini na tisa wanamtazama, na kabla mwezi haujaisha darasa limekufa. Wewe usimchangishe mtu kwanza.

Kwa umri wa watoto wako, kukosa kompyuta hakukuzuii kufundisha sayansi ya kompyuta. Kunakuzuia kufundisha matumizi yake tu: kushika kipanya, kuchapa herufi, kufungua faili. Hayo mtoto aliyekwisha kujua kusoma huyashika upesi siku akipewa kifaa. Yanayochukua miaka ni mengine. Kuigawa kazi kubwa katika hatua ndogo. Kuzipanga hatua hizo ili anayezifuata asibaki akikisia. Kujua taarifa zinavyohifadhiwa na zinavyotafutwa. Kuliwinda kosa mpaka lionekane, bila kulia wala kukata tamaa. Yote hayo yanafundishika kwa chaki, karatasi na miguu ya watoto wenyewe.

Wala usidhani hii ni njia ya kujifariji kwa sisi tusio na vifaa. Mwaka 1967 huko Marekani, Seymour Papert na wenzake walitengeneza Logo, lugha ya programu kwa ajili ya watoto, ambayo baadaye ilimwezesha mtoto kumwamuru kobe wa mitambo atembee sakafuni huku akichora mstari alikopita. Mtoto akikwama, Papert alimtaka asimame ajifanye yeye ndiye kobe, aipite njia ile kwa miguu yake, ndipo arudi kuandika amri. Miaka ya 1990 wakaja Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na wenzake Ian Witten na Mike Fellows, wakaandaa masomo ya sayansi ya kompyuta yasiyohitaji kompyuta hata moja. Masomo hayo leo yanatumika hata katika shule zenye maabara kamili. Baadhi ya michezo nitakayokueleza imetokana na kazi yao.

Jumamosi ya kwanza, chora uani viboksi vitano kwa vitano, kila kimoja upana wa hatua moja ya mtoto. Kama ni mchanga, kijiti kinatosha. Mtoto mmoja ni roboti, na roboti huyo anajua amri nne tu: MBELE, GEUKA KULIA, GEUKA KUSHOTO, CHUKUA. Mweke kwenye kona, kisha weka kandambili kwenye kiboksi chochote cha mbali. Kazi ya kikundi ni kuandika amri zote zitakazomfikisha kwenye kandambili, ya kwanza hadi ya mwisho, kabla roboti hajainua mguu. Wakimaliza, mmoja anasoma na roboti anatii. Wale wa miaka sita ambao kusoma bado kunawasumbua, wakatie kadi za maboksi zenye mishale badala ya maneno.

Usikubali waandike huku roboti anatembea. Ukiwaacha wamwamuru papo kwa papo, watamwongoza kwa macho, watafika kwenye kandambili wakishangilia, na hawatakuwa wamepanga lolote. Programu ni mpango uliokwisha kuandikwa, unaotekelezwa na kitu kisichoweza kukuuliza ulikuwa na maana gani. Kwa hiyo roboti naye mfundishe ukali. Akiambiwa MBELE na mbele kuna ukuta, asimame atangaze "Siwezi!" Akiambiwa CHUKUA na miguuni hakuna kitu, ainame achukue hewa. Watoto watacheka sana, na ndani ya kicheko hicho wataelewa kwamba mashine haina akili ya kukusaidia kumalizia ulichosahau.

Jambo moja la kiufundi ambalo litakusumbua nisipokutajia: kulia na kushoto. Watoto wengi wa miaka sita na saba bado wanazichanganya, na roboti anapowatazama uso kwa uso mambo huharibika kabisa. Mfunge roboti kitambaa mkono wa kulia, na mwandishi wa amri asimame nyuma yake, aangalie anakoangalia.

Sasa, roboti atakosea njia. Ataenda kwenye kiboksi kisicho chenyewe, au atageukia ukutani. Hapo ndipo penye somo lenyewe, na hapo ndipo ninakuomba uwe makini kuliko mahali pengine popote. Watoto watapiga kelele "Amekosea!" na vidole vitamwelekea aliyeandika. Izuie tabia hiyo siku ile ile ya kwanza. Kwenye darasa hili hatuulizi nani amekosea, tunauliza: hitilafu ipo hatua ya ngapi? Wafundishe wote waulize hivyo kwa sauti. Roboti anarudi mwanzo, amri zinasomwa polepole moja moja, na mtu yeyote anayeona mahali njia ilipopinda anainua mkono na kutaja namba ya hatua. Mwandishi mwenyewe ndiye anayesahihisha, kwa kalamu yake. Akiiona hitilafu yake kabla ya wengine, apigiwe makofi mengi kuliko aliyepatia mara moja.

Nasisitiza hili kwa sababu najua tulivyolelewa na tulivyosomeshwa. Mtoto wetu amezoea kwamba kosa lina mwenyewe, na mwenyewe ana adhabu yake. Akiona kosa kwenye daftari lake analifuta haraka au analifunika kwa mkono. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuandika programu, kwa sababu kuandika programu ni kuishi na makosa kutwa, kuyatafuta na kuyatangaza. Nitalirudia jambo hili nikifika kwenye usalama wa mtandaoni, kwani huko ndiko lina uzito wa kuokoa maisha.

Wakishazoea, wataanza kulalamika kwamba wanachoka kuandika MBELE, MBELE, MBELE, MBELE. Usiwape njia ya mkato kabla hawajaichoka ile ndefu. Siku wakilalamika, ndipo uwaletee amri mpya: RUDIA. Badala ya MBELE nne unaandika RUDIA MARA 4: MBELE. Kisha wape fumbo: roboti atembee njia ya mraba arudi alipoanzia, kwa maneno machache iwezekanavyo. Wengine watagundua wenyewe kwamba MBELE MBELE GEUKA KULIA, yote yakirudiwa mara 4, yanatosha. Baadaye ongeza KAMA: kama mbele kuna kiatu, geuka kulia, kama hakuna, mbele. Hatua zilizopangwa, kurudia, na kuamua kwa sharti ni nguzo za karibu kila programu iliyopata kuandikwa, na mwanafunzi wa chuo kikuu anaanzia hapo hapo.

Siku ya mvua, mkiwa ndani, wewe mwenyewe uwe roboti. Weka ndoo yenye mfuniko, kopo na sabuni, uwaambie wakuamuru kunawa mikono. Mtu atasema "Chota maji." Wewe gongesha kopo juu ya mfuniko, maana hakuna aliyesema ufunuliwe. Mwingine atasema "Paka sabuni." Paka sabuni kopo. Watoto wanaoogopa kuandika huchangamka sana hapa, kwa sababu inahitaji mdomo tu.

Mchezo mwingine ninaoupenda kupita kiasi ni wa kutafuta. Fikiria namba kati ya 1 na 100, wao waibashiri. Mwanzoni watataja namba ovyo. Wakishachoka, waambie sasa utakuwa unajibu "zaidi" au "pungufu". Taratibu mmoja atagundua faida ya kuuliza katikati: ni zaidi ya 50? Jibu moja limetupa nusu ya namba zote. Nusu ya zilizobaki zinatupwa na swali linalofuata, na linalofuata tena, mpaka ikabaki moja. Kwa namba 100, maswali 7 yanatosha siku zote. Kwa namba 1,000 yanatosha 10, na kwa milioni moja yanatosha 20. Waambie hivyo uone watakavyobisha! Wadogo kabisa wape namba 1 hadi 20, na maswali 5 yatawatosha.

Halafu waandikie majina yao kwenye kadi thelathini, uzichanganye, uzipange chini zikiwa zimefunikwa, useme mtafute kadi ya mwenzenu mmoja. Ujanja wa katikati utashindwa, itabidi zifunuliwe moja moja, pengine hadi ya mwisho. Waulize kwa nini. Watakaa kimya kidogo, kisha yupo atakayesema: kwa sababu hazijapangwa. Zikusanye, mzipange wote kwa alfabeti, mjaribu tena. Sasa wanaelewa kwa nini majina kwenye simu ya mama yamefuatana kwa herufi, na kwa nini kompyuta inatumia kazi kubwa kupanga vitu ambavyo hakuna aliyeomba vipangwe.

Kwa wale wa miaka minane na tisa, unaweza kuwaonyesha jinsi kompyuta inavyohesabu kwa vitu viwili tu, kuwaka na kuzimika. Kata kadi tano, uchore nukta 16 kwenye ya kwanza, kisha 8, 4, 2 na 1. Watoto watano wanazishika wamesimama mstarini. Kadi iliyofunuliwa ni moja, iliyofunikwa ni sifuri. Tajeni namba, wao waamue nani afunue. Kumi na tatu ni 8 na 4 na 1, basi tunaandika 01101. Kwa kadi hizo tano utafika hadi 31, na herufi za Kiswahili tunazofundisha shuleni ni 24, kwa hiyo kila herufi inapata namba yake: A ni 1, B ni 2, CH ni 3, na kuendelea. M ni ya 13. Mtoto mmoja aje na tochi ya simu, awashe na kuzima, wenzake waandike neno analowatumia. Ukifika hapo wameshaelewa ujumbe unasafirije ndani ya waya. Wadogo usiwalazimishe, waache warudi kwa roboti.

Haya hayagombani na KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) unazokazania darasani. Mtoto anayesoma amri za mwenzake anasoma, anayeziandika anaandika, na namba zimejaa kila mahali. Wala usiwe na haraka. Roboti peke yake ni wa Jumamosi nyingi.

Kuhusu kutosomea kwako kompyuta, sioni kama ni kizuizi. Mtoto akikuuliza usilolijua, sema mbele ya wote "Hilo silijui, Jumamosi ijayo tutaliangalia," na Jumamosi ijayo uliangalie kweli.

Sasa nije kwa mzee wetu na hofu yake. Usimbeze, hofu hiyo ina msingi. Kuna namna ya kuwasimulia watoto hatari za mtandao inayowajaza ama woga ama hamu ya kwenda kuchungulia, na hiyo ni kweli hatuitaki. Ila anakosea jambo moja: anadhani mlango bado umefungwa. Mtoto wa miaka saba wa Mbagala anaijua patani ya simu ya mama yake. Ndiye anayemtafutia bibi video za kaswida au za kwaya. Anamtumia binamu yake wa Tandika ujumbe wa sauti. Anaachiwa simu ili anyamaze mama apike, video moja ikiisha nyingine inajianzisha, na ya kumi haina uhusiano wowote na ile mama aliyoiweka. Yumo ndani tayari. Kilichobaki ni kama atakuwa na mtu wa kumshika mkono.

Tena mengi ya kumfundisha hayahitaji hata kutaja mtandao. Anza na taarifa zake mwenyewe. Andika kwenye kadi: jina langu, shule yangu, nyumba yetu ilipo, namba ya simu ya mama, mahali baba anapofanya kazi, namba ya siri ya simu. Watoto wazipange katika mafungu matatu: ninayoweza kumwambia mtu yeyote, ninayomwambia mtu ninayemjua, na nisiyomwambia mtu. Watabishana, na ubishi huo ndio unaoutaka. Namba ya mama itawasumbua kuliko zote, kwa sababu sisi wenyewe tunawakaririsha ili mtoto akipotea Kariakoo aweze kuitaja. Ni sawa kabisa aikariri. Wafundishe kutazama ni nani anayeiuliza na kwa sababu gani: askari au mama muuza duka aliyekukuta unalia ni jambo moja, sauti ya mtu usiyemwona ndani ya mchezo wa simu ni jambo jingine.

Namba ya siri haina ubishi, na hapa nina ombi kwako. Kuna desturi mitaani kwetu ya kumtuma mtoto kwa wakala akiwa na simu mkononi na namba ya siri kichwani. "Kamtolee baba elfu ishirini, namba si unaijua." Mtoto anafika, anaitaja kwa sauti mbele ya foleni, au anamwachia wakala simu abonyeze mwenyewe. Tunamfundisha kwa vitendo kwamba namba ya siri ni kitu cha kuwapa watu wazima wanapokihitaji, kisha tunashangaa akija kumpa mtu aliyejifanya ni wa huduma kwa wateja. Waambie wazazi waache. Somo lako lote la nywila halitafua dafu mbele ya safari moja ya kwa wakala.

Picha nazo. Zoezi la kila Jumamosi: kabla ya kumpiga mtu picha, au hata kumchora, unamwomba. Naye akisema hapana, unasema "Sawa" na unaondoka bila kununa. Anayejifunza kuheshimu hapana ya mwenzake anajifunza papo hapo kwamba na yeye ana haki ya kusema hapana. Wewe uwe wa kwanza kuifuata. Utataka kuwatumia wazazi picha za watoto wakicheza roboti, nami naelewa, zinapendeza. Lakini omba ruhusa ya mzazi kwa maandishi, umwulize na mtoto, na usiweke kwenye stetasi picha ya mtoto mwenye sare ya shule yenye nembo, kwa sababu picha hiyo inamwambia mtu asiyejulikana sura yake na mahali pa kumpata. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto imeziweka katika kundi la taarifa nyeti. Inatuhusu na sisi wa madarasa ya uani.

Utapeli utawafundisha kwa urahisi, maana kila nyumba ya Dar es Salaam imeshapokea ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Waulize: nani ameandika? Hela gani? Tumjuaje? Lengo ni mtoto ajue kwamba jambo haliwi kweli kwa sababu tu limeandikwa kwenye simu, na siku hizi wala kwa sababu ameliona kwenye video, kwa kuwa video nazo zinatungwa na akili unde. Wao kazi yao ni kutobonyeza kitu na kumletea mtu mzima. Kazi ya mtu mzima ni kuutuma ujumbe huo kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, na kupiga *106# mara kwa mara kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Nimelifikia lile nililosema nitalirudia. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 na ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono), INTERPOL na UNICEF kuhusu Tanzania uliwatazama watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, ukakuta asilimia 4 yao walifanyiwa ukatili au unyonyaji wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja. Ni makadirio ya watoto 200,000. Watoto wako ni wadogo kuliko hao, lakini miaka michache ijayo watakuwa ndio hao. Ukiwauliza waliopitia mambo haya kwa nini walinyamaza, utasikia pia aibu na woga: nilijua nitapigwa, nilijua nitanyang'anywa simu, nilijua wataniambia nimejitakia.

Unaona inakotoka? Ni yule mtoto wa daftari anayelifunika kosa kwa mkono. Anayemnyemelea mtoto anaijua aibu hiyo, na ndiyo anayoitumia: "Ukisema, mama yako atakuua." Kinga kubwa unayoweza kumjengea mtoto wa miaka saba ni uhakika wa moyoni kwamba nikileta jambo baya kwa mwalimu au kwa mama, hata kama nilikuwa nimeshika simu bila ruhusa, sitapigwa kwa kulileta. Uhakika huo haujengwi kwa hotuba. Unajengwa uani, Jumamosi baada ya Jumamosi, kila roboti anapokwama na hakuna anayefokewa. Mtoto aliyezoea kusema "hitilafu ipo hatua ya tano, na niliiandika mimi" ana njia ya kukujia akisema "mwalimu, nimeona kitu kibaya kwenye simu."

Kwa hiyo waambie kwa maneno mepesi, bila hadithi za kutisha: ukiona kitu kwenye simu kinachokuogopesha, kinachokuonyesha watu wakiwa uchi, au mtu akikuambia mfanye siri msimwambie mama, weka simu chini, njoo useme. Basi. Huhitaji kueleza zaidi kwa umri huo. Nawe siku mtoto akija, sentensi yako ya kwanza iwe "Umefanya vizuri kuja kuniambia." Ifanyie mazoezi, mwalimu, kwa sababu mshtuko hututoa maneno mengine. Usimhoji kama mpelelezi, msikilize. Kama jambo ni zito, ipo namba 116, Simu ya Mtoto, kupiga ni bure. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Yupo afisa ustawi wa jamii wa kata yenu.

Na kama mtu amesambaza picha ya utupu ya mtoto, usiitume kwenye grupu la wazazi hata kwa nia ya kuonya, na usiruhusu mtu aitume. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto, na usidhani nia njema itakulinda. Zaidi ya sheria, kila anayeiona anamwumiza mtoto yule upya. Simu yenyewe ipelekwe dawatini ikiwa na picha ndani yake.

Mzee wetu mwalike Jumamosi moja. Mkalishe chini ya mwembe au popote penye kivuli aone watoto wakipanga zile kadi za mafungu matatu, aseme mwenyewe kama kuna neno pale asilotaka mjukuu wake alisikie. Nadhani atataka na yeye kupanga.

Mwisho, kishikwambi. Kwanza mwombe mkuu wako wa shule ruhusa ya kukitumia na watoto wa Jumamosi, kwa kuwa ni mali ya kazi na pengine kina majina na alama za wanafunzi wako. Akikubali, pakua ScratchJr, programu ya bure iliyotoka mwaka 2014 kwa ajili ya watoto wa miaka mitano hadi saba. Amri zake ni picha, hazihitaji kusoma, na ukishaipakua haihitaji bando. Watoto watakuta mishale ile ile waliyoizoea uani, na kurudia kule kule. Inawaruhusu kurekodi sauti zao na kupiga picha, hivyo zoezi la kuomba ruhusa linaendelea. Kwa wale wa miaka minane na kuendelea ipo Scratch yenyewe, ya chuo cha MIT cha Marekani, iliyoanza mwaka 2007, nayo ina menyu za Kiswahili. Hiyo inapenda skrini kubwa, iache mpaka mpate kompyuta.

Zima data kabla ya kukitoa. Kwenye mipangilio ya usalama ya Android kuna sehemu ya kuifunga skrini ibaki kwenye programu moja, mtoto asiweze kutoka bila namba yako, iwashe. Gawa watoto watatu watatu: mmoja anabonyeza, mmoja anasoma mpango, mmoja anakagua hitilafu, na wanabadilishana. Kila kikundi kipate dakika kumi wakati wengine wakiwa uani na roboti wao. Na wasije mikono mitupu. Kikundi kinakaribia kishikwambi kikiwa na karatasi ambayo amri zake zimekwisha kuandikwa. Ambacho hakijaandika kinarudi uani kuandika, na zamu inakwenda kwa wanaofuata.